Divai Niliyoidhani Siki

Mapendo,

Nimekasirika, na ni vizuri ulijue hilo kabla hujafika mstari wa pili. Ninapoandika, wewe uko Newtown unaagana na rafiki zako na umesema utarudi saa mbili. Mimi nimeketi kwenye cherehani, nimesukuma kando nguo ya mteja, naandika juu ya karatasi ninayochorea mitindo. Begi lako liko mlangoni na kila nikiinua macho naliona. Ningeweza kukungoja nikuambie kwa mdomo, lakini najijua. Nitapaza sauti, wewe utajibu kwa Kiingereza, jirani atagonga ukuta, tutalala tumenuniana, na kesho utapanda basi la Cape Town shingo imekaza kama ya baba yako.

Kwa hiyo barua hii nitaitia kwenye mfuko wa begi, chini ya maandazi, nikijua utaikuta ukiwa njiani tayari. Nimeandika Kiswahili. Usinikunjie uso. Najua unakisoma polepole, lakini safari ni ya mchana na usiku, muda unao. Soma kwa sauti. Aliyeketi karibu nawe asipopenda, shauri yake.

Habari za sweta, za sabuni, za kutomwazima simu mtu usiyemjua, nimezisema wiki nzima na hukuzisikiliza, sitazirudia. Nina jambo moja tu, nalo nimelibeba tangu mchana. Mjomba wako Bisimwa amekataa kukubariki.

Wewe umekulia huku kusini, mtaa huu wa La Rochelle, labda huoni uzito wake. Katika ukoo wetu kule Bukavu, mtoto haondoki nyumbani kwenda kuishi mbali mpaka kaka wa mama yake amembariki. Anachukua maji kinywani, anamnyunyizia kwenye paji la uso na viganjani, anataja majina ya waliotangulia, kisha anamwambia nenda. Ni dakika chache tu. Lakini anayeondoka bila hayo, watu husema ametoroka. Akiugua huko, wanasema tulijua. Akifanikiwa, wanasema hata mwizi hufanikiwa. Mimi nilipotoka Bukavu na wewe mgongoni, mjomba wangu alikuwa amenibariki, na siku ambazo sikuwa na kitu kingine chochote nilikuwa nikishika kichwa mahali pale maji yalipoangukia. Ndiyo maana leo mchana nilikwenda Rosettenville kwa kaka yangu, kuomba. Nimechoka kuomba katika maisha haya, lakini kwa ajili yako nilikwenda.

Yaliyotokea huko nitayafikia. Kwanza chupa.

Mwezi wa kumi na mbili nilikuagiza siki. Usikatae. Nilikuambia, huko kwenye mgahawa unakofanya kazi, Randburg, waombe siki ya zabibu kidogo, nataka kutengeneza pilipili ya Bonane, ya kufungulia mwaka mpya. Ulijibu, "Sharp, Mama," macho yakiwa kwenye simu. Wewe ukisema sharp, yaani sawa, mimi mjinga huamini. Siku si nyingi nikakuta chupa juu ya meza ya jikoni. Haina karatasi, haina jina, na kizibo kimezungushiwa utepe wa gundi. Wewe ulikuwa umeshakwenda kazini. Nikafungua, nikanusa. Harufu kali, ya chachu na karanga mbichi, na nyuma yake kitu kama kabati lililofungwa siku nyingi. Nikasema moyoni, ahsante Mungu, leo mtoto wangu amekumbuka.

Pilipili yangu unaijua. Natwanga pilipili kichaa na vitunguu saumu na chumvi, nakaanga polepole, kisha namwagia siki ili ikae bila kuharibika. Basi nikamwaga. Nusu ya chupa ilikwenda humo, nusu nikaiweka kabatini nikijisifu kwa kubana matumizi.

Baadaye ulisema ulikuwa unaingoja siku ya Bonane uifungue mbele yangu, unishangaze. Hapo ndipo hasira yangu ya kwanza ilipo, nayo ni yako peke yako. Ni nani aliyekuambia mimi ni mtu wa kushangazwa kwa divai? Ulikwenda kule Cape msimu mzima wa mavuno ukaniambia ni mafunzo ya wahudumu. Ukarudi na mikono imechubuka, nikaipaka mafuta, sikuuliza. Nyumba hii ina chumba kimoja na jiko, tunalala tukisikia pumzi za kila mmoja, na bado uliweza kunificha jambo kubwa namna hiyo. Nani alikufundisha? Usijibu. Najua aliyekufundisha, tutafika.

Siku ya Bonane tulikula pamoja kwenye ukumbi wa kanisa. Unakumbuka jinsi bakuli la pilipili lilivyopita mkono kwa mkono mpaka fufu ikatangulia kwisha. Mama Espérance wa korale, kwaya yetu ya kanisa, ambaye hajawahi kunisifia kitu, alilamba kidole mbele ya watu.

"Maman Mapendo," akasema, "leo uliweka nini ndani? Iko tamu mubaya!"

Na mjomba wako, mzee wa kanisa, kidevu kinang'aa mafuta: "Dada, hii nabeba ku nyumba. Nipatie chupa yangu." Nikampa. Ile chupa ya mayonezi, niliyokuwa nimeijaza mpaka juu.

Kisha wewe ukaonja. Nilikuona ukisimama kutafuna. Ukashika kichwa kwa mikono miwili, ukacheka huku machozi yanatoka. "Eish, Mama, no. Hiyo si siki. Mama, umeweka wine yangu kwenye pilipili!"

Ukumbi wote ulisikia.

Hata hapo tungeweza kuokoka. Ungesema unatania, watu wangecheka, basi. Lakini wewe, mtoto wangu, ulisimama ukaanza kuwafundisha. Kiswahili chako kimevunjika, Kiingereza kinaingia hapa na pale, lakini sijawahi kukusikia ukisema maneno mengi hivyo mbele ya watu wazima. Ukasema ni zabibu nyeupe kutoka Hispania, inaitwa Palomino. Ukasema Maburu waliipanda hapa tangu zamani sana wakaiita Fransdruif, zabibu ya Mfaransa, ingawa Ufaransa si kwao. Ukasema divai hiyo iliachwa kwenye pipa lisilojaa, mpaka juu yake ukaota utando mweupe wa hamira, kama ule unaofunika uji ukipoa, na chini ya utando huo divai ikakaa miezi na miezi bila kugeuka siki. Ukasema ilipokuwa tayari kila aliyevuna alitumiwa chupa moja, na hiyo ndiyo ilikuwa yako. Ukasema zabibu zenyewe ulizikanyaga kwa miguu. Hapo Mama Espérance akasukuma sahani yake mbali.

Na ukamalizia kwamba wamekuita tena, safari hii si kuvuna tu, wamekupa kazi ya kudumu kwenye ghala la mapipa, unaondoka mwezi wa kwanza ukiisha. Hivyo ndivyo mimi niliyekuzaa nilivyopata habari kwamba unahama nyumbani. Mbele ya kanisa zima, tonge likiwa mdomoni.

Jumapili iliyofuata unaijua, ulikuwepo umesimama mbele. Mchungaji akasema mama hana kosa, alimwaga bila kujua, na chakula kiliombewa kabla hakijaliwa, kwa hiyo waliokula hawana kosa pia. Kosa lote likabaki la mtoto. Utoke kwenye korale mpaka uiache kazi ya pombe na kutubu. Wakasema amina. Mimi pia nilisema amina, Mapendo, na sikuinong'ona. Ulinitazama. Hujanisema kwa hilo hata siku moja tangu hapo, na ningependa ungenisema, kwa sababu ukimya wako umenila kuliko matusi.

Nani alimwaga ile chupa? Mimi. Nani aliipeleka mezani kwa watu wa Mungu? Mimi. Walinisafisha mimi kwa kukupaka wewe, nami nikakubali kusafishwa. Nilikuwa nikimtazama kaka yangu aliyeketi mstari wa mbele. Ndiye aliyenipokea nilipofika mji huu, akanipa kona ya chumba chake Rosettenville na cherehani ya kuanzia. Nilijiambia mtu hamkatalii aliyemfungulia mlango. Nimejiambia hivyo miaka yote, kwa mambo mengi, na kila mara aliyelipa ni wewe.

Wiki ile ile Mama Espérance akaniletea gauni lako la korale, lile la kitenge cha buluu nililokushonea mwenyewe. Anataka nilipunguze kiunoni, limtoshe binti mwingine. "Si wewe ndiye fundi wetu?" akasema, tena kwa upole. Nikalipokea. Nikamwambia arudi baadaye. Alirudi, nikamwambia bado. Gauni liko ndani ya begi lako, chini kabisa, nami nimelifumua nembo ya kanisa kifuani. Livae ukivuna. Kitenge kile ni kizuri, hakichuji.

Sasa usije ukadhani nimekuwa rafiki wa pombe. Hapana. Hapo bado tuna vita, mimi na wewe.

Baba yako alikuwa anaimba. Hilo nimewahi kukuambia. Ambalo sijakuambia vizuri ni jinsi nyumba yetu ilivyokwisha. Hakunipiga, watu huuliza hilo kwanza. Alikuwa mlevi mpole, anarudi na kasiksi, pombe ya ndizi, tumboni, anaomba radhi hata kwa mlango. Lakini vitu vilikuwa vinatoka. Leo redio, kesho sufuria kubwa, kesho kutwa godoro la wageni. Mwisho alibeba cherehani yangu akaiuza. Juu yake kulikuwa na gauni la bibi harusi wa watu, likiwa bado chini ya sindano. Aliuza vyote pamoja. Asubuhi nilifungua mlango nikamkuta yule binti amekuja kupima, na mama yake, na shangazi zake wanapiga vigelegele. Kila ninaposikia kizibo cha chupa kinatoka, mimi nasikia vigelegele vile vikikatika.

Kwa hiyo uliponiambia hata Yesu alitengeneza divai, nilikufukuza jikoni. Kila mlevi wa Bukavu aliijua harusi ya Kana kwa moyo.

Halafu kuna yule mama wa Cape anayeniletea mapazia, wa barabara ya juu. Nilimwambia, nikijifanya sijali, kwamba binti yangu anakwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya mizabibu ya kwao. Hakupongeza. Alikaa kwenye kile kiti cha wateja akanieleza habari za babu yake, aliyefanya kazi kwa Buru maisha yake yote na sehemu ya mshahara wake ikawa divai. Asubuhi kikombe cha bati, mchana kikombe, jioni kikombe. Mtu anakwenda nyumbani hana fedha wala akili. Wanawake walikunywa wakiwa na mimba, na watoto wakazaliwa wameshaharibiwa. Nikamuuliza ilikuwa divai gani. Akasema nyeupe, ya hovyo, kutoka kwenye zabibu zilizokuwa nyingi, Fransdruif. Baada ya hapo sikushona tena siku ile.

Ulipoingia nilikurukia hata kabla hujavua viatu. Nilikuuliza kama unajua unakwenda kukanyaga nini. Nilitarajia utashangaa. Ukaketi.

"Najua, Mama. Ile story ya dop, ya kulipwa kwa divai, naijua. Wazee wa kule waliniambia wenyewe." Ukavua kiatu kimoja. "Mizabibu ile ni baba zao waliipanda. Jina lao haliko kwenye chupa hata moja. Mimi nataka kuwa mtu anayeamua pipa lifunguliwe lini. Si mtu wa kupewa kikombe."

Nilikusikiliza, ingawa niliendelea kukata kitambaa ili usione. Ukaniambia zabibu hiyo ilipokosa thamani waliing'oa mashamba kwa mashamba, wakapanda zile zenye majina ya kuuzika. Iliyobaki ni michache, mizee, iko peke yake kwenye mchanga, na hakuna anayeinywesha maji. Tangu mwaka jana tunasikia Cape imekauka, watu wanasimama foleni chemchemini na madumu, na wewe unaniambia vile visiki bado vinatoa majani. Nikakuuliza vinaishi vipi. Ukasema mizizi imekwenda chini mno. Nikasema hm.

Lakini kuna neno moja ulilisema siku ile ukapita, mimi likanishika. Ulisema Palomino yenyewe, ikiliwa mbichi, haina ladha kubwa. Inachukua ya mchanga, ya pipa, ya ule utando. Ndiyo sababu wengi waliidharau, walidhani haina cha kusema.

Basi nikakasirika upya, na safari hii hasira haikuwa na pa kwenda ila kwangu. Mwaka ule maduka ya wageni yalipochomwa, nilikushika mkono kabla hatujatoka nje nikakuambia: kwenye teksi usiseme Kiswahili. Ukiulizwa kwenu wapi, sema Rosettenville. Wakisema Kizulu, jibu Kizulu. Wakisema lolote, wewe usiwe na lolote. Ulijifunza vizuri kuliko nilivyotaka. Ukawa Mzulu barabarani, Mwingereza shuleni, na nyumbani ukawa mtu anayeitikia sharp. Kisha nikaanza kulalamika kwa wateja kwamba mtoto wangu haongei lugha yake, kana kwamba mtu mwingine ndiye aliyemziba mdomo. Nilikuwa nakulinda, na ningekulinda hivyo tena, mtaa ule ulikuwa unanuka moshi. Lakini hatari ilipopita sikukuambia sasa sema. Nilikuacha umenyamaza kwa sababu mtoto mnyamavu hana usumbufu. Wewe kunificha safari yako ulikuwa unafanya nilichokufundisha, ila safari hii uliyenyamazia ni mimi.

Huko uendako usinyamaze. Hilo ndilo tu. Wakikuuliza kwenu wapi, sema Bukavu, sema La Rochelle, sema yote mawili, wachague wenyewe. Wakikulipa kwa chupa, hata chupa moja ya zawadi mahali pa fedha, toka siku hiyo hiyo urudi, nauli nitaitafuta, sitakuuliza swali. Na ukijikuta unangoja jioni ifike ili unywe, usinifiche mimi. Mimi peke yangu usinifiche. Nimeshaishi na mtu wa namna hiyo, naijua sauti ya miguu yake kwenye ngazi.

Wiki iliyopita nilionja. Ndiyo, mimi. Nilitoa ile nusu chupa kabatini, nikamimina kwenye kijiko cha uji, nikatia kinywani. Nilikuwa nimejiandaa kuchukia. Ilikuwa kavu kabisa, haina sukari hata kidogo, ina chumvi, ina karanga na ganda la limau na ukingo wa mkate ulioungua kidogo. Sikumeza. Kiapo nilichoapa siku ya lile gauni la harusi kiko palepale. Niliitema kwenye sinki nikafungua maji. Halafu nikabaki nimeshika ukingo wa sinki, nimefura, kwa sababu haikuwa mbaya. Ilikuwa kazi ya mtu makini. Mimi ni fundi, kazi ya mtu makini naijua hata kama ni ya kitu nisichokipenda.

Ulipoingia ukaninusa, ukacheka sana. Ukaniambia ndivyo mnavyofanya huko kazini, mnaonja na kutema, siku nzima, kuna hata ndoo yake. Nikasema kama baba yako angejua kutema tungekuwa bado na cherehani. Ukaacha kucheka. Ulinishika bega, nami nikalitoa, kwa kuwa sijui kushikwa nikiwa na hasira. Nisamehe kwa lile bega.

Sasa leo mchana.

Nilimkuta Bisimwa mezani. Mkewe alikuwa amempikia samaki na bugali. Nilimwamkia, nikaketi bila kukaribishwa.

"Kaka," nikasema, "mutoto anaenda kesho asubuhi. Kuya umubariki."

Hakuinua macho. "Nibariki pombe, mimi? Mukono yangu haiwezi. Aache ile kazi, njo nitamubariki."

"Ni mutoto ya dada yako."

"Njo maana inaniuma," akasema, na akachovya tonge.

Nikatazama anachovya wapi. Ile chupa yangu ya mayonezi ilikuwa mbele yake. Pilipili ya Bonane, imebaki chini kabisa, naye anaikwangua kwa kijiko ili asipoteze. Mdomo wake wote ulikuwa mwekundu wa mafuta.

"Kaka, hiyo unakula ni nini?"

"Pilipili."

"Iko na nini ndani?"

Alijua ninachouliza. Akafuta mdomo kwa kiganja. "Ile ilishaombewa," akasema.

Mapendo, katika maisha yangu nimekasirika mara nyingi, lakini zilikuwa hasira za mwanamke anayeinamisha kichwa. Hii ilinisimamisha. Divai imeombewa, imesamehewa, inaingia tumboni mwa mzee wa kanisa siku baada ya siku tangu Bonane. Aliyeikanyaga kwa miguu yake, huyo hana sala ya kumtosha. Nyani haoni kundule. Nilimwambia hivyo, kwa maneno hayo hayo, kaka yangu mkubwa, kwenye meza yake. Kisha nikanyoosha mkono nikachukua chupa yangu, kijiko kikiwa bado ndani.

"Usisahau nani alikufungulia mulango Rosettenville!" akaniambia nikiwa nimefika mlangoni.

"Sisahau," nikasema. "Nilisema asante. Mutoto wangu hakuwa sehemu ya asante."

Nikatoka. Nimetembea kwa miguu mpaka nyumbani na chupa ya mafuta mkononi, nikavuka kwenye robot, zile taa za magari, bila kutazama, dereva mmoja akanitukana mpaka nilipofika ng'ambo. Haraka ile yote, kwa sehemu kubwa ilikuwa hofu. Sitakudanganya. Jumapili nitaingia kanisani peke yangu na sijui nani atanisogezea kiti. Wateja wangu karibu wote wametoka humo. Huenda gauni la buluu likawa nguo ya mwisho waliyoniletea.

Kijiko cha mjomba wako nimekitia kwenye begi lako. Kitakufaa.

Basi niseme nilichoamua, kisha niifunge barua hii kabla hujarudi. Sijawahi kusikia katika ukoo wetu mama amembariki mtoto wake mwenyewe mahali pa mjomba. Nimejaribu kukumbuka hata mmoja, sipati. Mama hulia, mjomba hubariki, ndivyo tulivyogawana kazi. Lakini kwenye chupa yako bado kuna kidogo. Kesho nitakusindikiza Park Station na chupa hiyo kwenye mkoba, na kabla hujapanda nitakuambia uiname. Hutaelewa. Utasema "Mama, please, watu wanaangalia." Nitatia divai ile kinywani, mimi, nitayataja majina ninayoyakumbuka, nitakunyunyizia usoni na viganjani mbele ya kila mtu aliyepo, na kilichobaki kinywani nitakitema chini kama mnavyotema huko kwenu kwenye mapipa. Sitameza hata tone. Kisha nitakuambia nenda.

Hayo ninayaandika leo, nikiwa bado na moto wa mchana. Kesho ni siku nyingine. Nimewahi kuamua mambo jioni na asubuhi nikasema amina. Kwa hiyo sikuapii. Wewe uko kwenye basi tayari, unajua tayari kilichotokea, mimi ndiye nisiyejua. Kama niliogopa, kama nilikupa maandazi tu na kukupungia mkono kama mama wa mtu yeyote, basi barua hii ni maneno matupu, ichane, na hasira yote ninayostahili nipe.

Lakini kwanza shika paji lako la uso, Mapendo. Kisha nusa vidole.

Mama yako